Kutoka Kaharabu Hadi Betri: Jinsi Wanadamu Walivyoujua Umeme



Katika nyumba zetu leo, iwe Kampala, Bujumbura, Kigali au Goma, maneno ya umeme yamekuwa maneno ya kila siku. Tunasema chaji imekwisha, waya umekatika, umeme umerudi, betri ya sola imekufa. Hata nyumba ambayo haijafikiwa na nguzo za umeme ina simu, tochi au redio. Lakini mtoto akituuliza: "Baba, chaji ni kitu gani? Na kwa nini nyaya ni mbili, si mmoja?" wengi wetu humwambia akacheze.

Katika makala haya tumeona tuyajibu maswali hayo kwa njia ya historia, kwa sababu waliotangulia kuyajibu nao walianza bila ya kujua lolote, wakaenda hatua kwa hatua. Na katika hatua zote hizo kuna jambo moja tunalotaka msomaji alishike: umeme uliotulia ni kitu kimoja na umeme unaotembea ni kitu kingine, na umeme unaotembea haufanyi kazi mpaka upate njia ya kwenda na njia ya kurudi. Wanadamu walikaa zaidi ya miaka 2,000 wakiuona umeme kabla ya kulifahamu jambo hilo. Leo kulifahamu kunaweza kuokoa maisha ya mtoto.

KAHARABU NA MAKAPI

Tuanze na kitu ambacho wazee wetu wanakijua vizuri. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, na hadi leo hutengenezewa shanga na tasbihi za thamani. Ukiisugua kaharabu kwa kitambaa cha sufu kisha ukaisogeza karibu na makapi au vipande vya karatasi, itavivuta. Wayunani walilijua jambo hili tangu zamani, na husimuliwa kwamba Thales wa Mileto, aliyeishi karibu miaka 600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), alikuwa miongoni mwa waliolizungumzia.

Wayunani waliiita kaharabu elektron, na kutokana na jina hilo Wazungu wakapata jina lao la umeme. Wafursi nao waliiita kah-ruba, maana yake "mwizi wa makapi". Neno hilo likaingia katika Kiarabu, na kutoka huko tukapata sisi neno letu kaharabu. Na Waarabu wa leo wanapotaka kusema umeme husema kahrabaa. Kwa hiyo Mswahili anayevuta uradi kwa tasbihi ya kaharabu ameshika mkononi kitu kilichoupa umeme jina lake kwa Kiarabu na kwa lugha za Ulaya pia.

Ni nini kinachotokea unapoisugua kaharabu? Leo tunajua kwamba kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo sana, na ndani ya chembe hizo mna chaji za aina mbili: chaji chanya na chaji hasi. Kwa kawaida chaji hizi zinalingana, na ndiyo maana hatuzihisi. Tunaposugua, baadhi ya chaji hasi, ambazo hubebwa na vijichembe viitwavyo elektroni, huhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Kimoja kinabaki na ziada, kingine kinabaki na upungufu. Chaji zinazofanana hufukuzana, na zisizofanana huvutana. Hii ndiyo maana ya chaji, na mtoto anaweza kuiona kwa kuchana nywele zake kavu kwa kitana cha plastiki kisha akakisogeza kwenye vipande vidogo vya karatasi.

SAMAKI ANAYETETEMESHA

Umeme mwingine uliojulikana zamani ulikuwa ndani ya maji. Katika mto Nile, mto Congo na ziwa Tanganyika anapatikana samaki wa jamii ya kambare anayempiga mtu kwa umeme. Anaweza kutoa hadi takriban volti 350, na Wamisri wa kale walimchora katika makaburi yao. Waarabu wa Misri walimwita ra'ad.

Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi (1162–1231), aliyeitembelea Misri na kuandika kitabu kuhusu nchi hiyo, alimweleza samaki huyu: anayemshika akiwa hai hutetemeka, viungo vyake hufa ganzi na akawa hawezi kushika kitu. Akieleza pia kwamba samaki huyo akifa nguvu hiyo huondoka.

Hapa tunawaomba wasomaji tuwe waangalifu. Jina ra'ad lina asili moja na neno radi, na kuna wanaoandika kwamba Waarabu walikwishajua karne nyingi zilizopita kuwa nguvu ya samaki na nguvu ya radi ni kitu kimoja. Lakini mzizi huohuo wa Kiarabu una maana ya kutetemeka, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi. Abd al-Latif aliandika alichokiona na kukisikia kwa usahihi, na heshima hiyo inamtosha. Hatuna haja ya kumvisha ujuzi ambao hakuudai. Ila tumkumbuke samaki huyu, kwani jamaa zake watarudi mbele.

UMEME WAPATA NJIA

Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alitoa kitabu juu ya sumaku. Humo alionyesha kwamba mvuto wa sumaku na mvuto wa kaharabu ni mambo mawili tofauti, na kwamba kioo, kiberiti cha mawe na vitu vingine vingi vikisuguliwa huvuta kama kaharabu. Lakini yeye na waliomfuata waliudhani umeme kuwa ni kitu kinachokaa palepale kiliposuguliwa.

Aliyeutoa umeme mahali pake alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Stephen Gray alikuwa mtia rangi nguo za hariri katika mji wa Canterbury, na uzeeni aliishi Charterhouse, London, nyumba ya kutunzia wazee wasiojiweza. Mwaka 1729 alikuwa na bomba la kioo alilolisugua, ncha zake akiwa ameziziba kwa vizibo. Akaona unyoya unavutwa na kizibo, na kizibo hakukisugua! Maana yake umeme ulihama kutoka kwenye kioo ukaingia kwenye kizibo. Akachomeka kijiti na kijipira cha pembe ya ndovu, umeme ukafika. Akafunga uzi wa katani, ukafika.

Mwaka huohuo, kwa rafiki yake Granville Wheler huko Kent, walitandaza kamba ya katani wakiining'iniza kwa nyuzi nyembamba za hariri, na umeme ukasafiri mamia ya futi. Siku moja nyuzi za hariri zikakatika kwa uzito. Wakaweka mahali pake waya mwembamba wa shaba ya njano, wakidhani kwa kuwa ni mwembamba kama hariri utafaa vilevile. Umeme haukufika tena hata kidogo, ijapokuwa walisugua kwa nguvu zao zote. Hapo ndipo walipotambua kwamba jambo si unene wa uzi bali ni aina ya kitu chenyewe. Waya wa shaba uliupitisha umeme ukatorokea kwenye ukuta na ardhini, hariri iliuzuia.

Hivi ndivyo vitu vilivyogawanyika mafungu mawili: vipitishi, kama shaba, chuma na mwili wa binadamu, na vihami, kama hariri, kioo, mpira na plastiki. Waya wa simu yako una vyote viwili: shaba ndani iwe njia, plastiki nje iwe ukuta. Miaka michache baadaye, mwaka 1733, Mfaransa Charles Dufay akaonyesha kwamba umeme uko wa aina mbili, ule wa kioo na ule wa utomvu, ambao baadaye Mmarekani Benjamin Franklin aliuita chanya na hasi.

RADI NA MTU WA PETERSBURG

Mwaka 1745 na 1746, Ewald von Kleist na Pieter van Musschenbroek, kila mmoja kwa njia yake, walipata namna ya kuuweka umeme ndani ya chupa. Chupa hiyo huitwa chupa ya Leiden, kwa jina la mji wa Uholanzi alikokuwa Musschenbroek. Aliyeigusa alipigwa vibaya. Huko Ufaransa padri Nollet aliwapanga askari 180 wa mfalme wameshikana mikono, akaupitisha umeme wa chupa, wote wakaruka kwa pamoja. Watazamaji walicheka. Lakini jambo lenyewe lilikuwa zito: umeme ulipita katika miili ya watu 180 kwa sababu mikono yao iliyoshikana ilifanya njia moja.

Franklin akasema radi nayo ni umeme, na akapendekeza fimbo ya chuma isimamishwe juu kuujaribu. Wafaransa walilithibitisha jambo hilo huko Marly tarehe 10 Mei 1752. Mwaka uliofuata, 1753, mwanachuoni Georg Richmann wa mji wa St. Petersburg, Urusi, alikuwa nyumbani kwake akipima umeme wa mawingu. Fimbo ya chuma ilitoka juu ya paa hadi chumbani kwake kwenye kipimo, lakini haikuunganishwa na ardhi, kwa sababu angeiunganisha asingepata cha kupima. Alipoinama kukitazama kipimo, radi ikapiga. Ilitafuta njia ya kufika ardhini, na njia iliyokuwa karibu ilikuwa mwili wake. Alifariki palepale.

Kinga ya radi inayowekwa kwenye minara na majengo marefu hufanya kinyume cha fimbo ya Richmann: waya wake mnene unashuka moja kwa moja ardhini, ili radi ipate njia yake bila ya kupitia kwa mtu.

MZOZO WA CHURA

Hadi hapo umeme wote ulikuwa wa kukusanywa na kuruka mara moja, kisha umekwisha. Hakuna aliyepata umeme unaotiririka mfululizo. Uliletwa na mabishano ya wanachuoni wawili wa Italia.

Luigi Galvani alikuwa mwalimu wa mwili na viungo katika mji wa Bologna. Katika miaka ya 1780 aliona kwamba miguu ya chura aliyekufa huruka inapoguswa kwa vyuma viwili tofauti, kama kulabu ya shaba ya njano na uzio wa chuma. Mwaka 1791 akatangaza kwamba mna umeme ndani ya mnyama. Alessandro Volta, mwalimu wa Pavia, kwanza alimsifu sana. Kisha akarudia majaribio mwenyewe, akaingiwa na shaka. Akasema: umeme hautoki kwa chura, unatoka kwenye metali mbili tofauti zinapogusana, na chura ni kipimo tu. Alijaribu hata ulimi wake mwenyewe kwa metali mbili, akasikia ladha ya uchachu.

Galvani akajibu kwa kuuruka mguu wa chura bila ya metali yoyote, kwa kugusanisha mshipa wa fahamu na msuli. Wanachuoni wa Ulaya wakagawanyika makundi mawili.

Mwaka 1798 Galvani alitakiwa kula kiapo cha utii kwa utawala mpya ulioletwa na majeshi ya Ufaransa. Alikataa kwa sababu ya imani yake, akanyang'anywa kazi na mshahara. Alikwishafiwa na mkewe Lucia, aliyekuwa msaidizi wake katika majaribio. Akafariki Disemba mwaka huohuo.

Volta alitaka kuthibitisha hoja yake. Akachukua vipande vya duara vya fedha na zinki, akavipanga kimoja juu ya kingine, na baina ya kila jozi akaweka karatasi nene iliyoloweshwa maji ya chumvi. Alipogusa juu na chini ya rundo lile kwa mikono miwili alipigwa na umeme, akigusa tena apigwe tena, haukwisha. Tarehe 20 Machi 1800 aliandika barua kwa Sir Joseph Banks wa London akieleza chombo hicho. Na alikifananisha na kitu gani? Na kiungo cha samaki anayepiga kwa umeme! Hiyo ndiyo betri ya kwanza duniani, na betri zote za tochi na simu ni wajukuu wake.

Basi nani alikuwa na haki? Wote wawili, kila mmoja kwa nusu. Metali mbili tofauti na maji ya chumvi hutoa umeme kweli, kama alivyosema Volta. Na mishipa ya fahamu na misuli ya viumbe hai hutumia umeme kweli, kama alivyosema Galvani. Hospitali leo hupima mapigo ya moyo kwa kuusoma umeme huo. Volta naye alidhani mgusano wa metali peke yake unatosha, na baadaye ikafahamika kwamba kazi hufanywa na mabadiliko ya kikemia ndani ya rundo. Lau mmoja wao angenyamaza kwa kuogopa mwenzake, elimu hii ingechelewa.

MKONDO, MSUKUMO NA UKINZANI

Baada ya betri mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Copenhagen aliona sindano ya dira inageuka inapowekwa karibu na waya unaopitisha umeme. Ukikata waya popote, sindano inarudi mahali pake. Mfaransa Ampère akatenganisha mambo mawili: msukumo wa umeme, ambao upo hata waya ukiwa umekatika, na mkondo, ambao upo pale tu njia inapofungika mzunguko kamili. Mwaka 1827 Georg Ohm, mwalimu wa shule huko Cologne, akatoa hesabu yake: mkondo ni msukumo kugawanya kwa ukinzani. Wenzake wengi hawakuijali kazi yake, naye akaacha kazi kwa masikitiko. Heshima ya kweli ilimfikia mwaka 1841, alipopewa nishani na wanachuoni wa London.

Leo msukumo hupimwa kwa volti, kwa jina la Volta, mkondo kwa ampea, kwa jina la Ampère, na ukinzani kwa omu, kwa jina la Ohm. Tochi yenye mawe mawili ina volti 3. Ikiwa balbu yake ina ukinzani wa omu 10, mkondo ni 3 kugawanya kwa 10, yaani ampea 0.3.

Mwaka 1897 J. J. Thomson akathibitisha kuwepo kwa elektroni. Ikaonekana kwamba katika waya ni chaji hasi ndizo zinazotembea, kinyume na mshale wa mkondo tunaouchora vitabuni tangu wakati wa Franklin. Tena zinatembea polepole mno, mara nyingi chini ya milimita moja kwa sekunde. Mbona basi taa inawaka mara moja? Chukua tasbihi iliyobana, sukuma punje moja, utaona punje zote zinasogea kwa pamoja. Waya tayari umejaa elektroni, na betri inasukuma tu. Na uzi wa tasbihi ukikatika mahali popote, kusukuma hakufai kitu. Swichi ya ukutani ni mahali tunapoukata na kuuunga uzi huo kwa makusudi.

Mwaka 1831 Michael Faraday alikuwa ameonyesha kwamba sumaku inayotembea karibu na waya huleta mkondo. Hiyo ndiyo kazi ya mabwawa yetu: maji huzungusha mitambo yenye sumaku na nyaya. Ndivyo ilivyo Jinja tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, na ndivyo ilivyo Inga huko Congo tangu mwaka 1972.

FAIDA KWA NYUMBA ZETU

Mtu akishajua kwamba umeme unataka njia ya kurudi, mambo mengi yanamfungukia. Ndege anakaa juu ya waya hadhuriki, kwa sababu miguu yake yote iko kwenye waya mmoja na hakuna njia ya kurudi kupitia kwake. Lakini mtoto anayegusa waya huohuo akiwa amesimama ardhini amekuwa yeye ndiye njia, kwani umeme wa majumbani umeunganishwa na ardhi huko unakotoka. Miguu ikiwa mibichi ukinzani wa ngozi hupungua sana, na mkondo huongezeka. Kwa msukumo wa volti 220 hadi 240 tulio nao majumbani, hata sehemu ya kumi ya ampea ikipita kifuani inaweza kuusimamisha moyo.

Kwa hiyo tunawausia wazazi mambo machache. Kwanza, anayenaswa na umeme asishikwe kwa mikono: zimeni swichi kuu kwanza, maana anayemshika anakuwa kama askari wa Nollet, anaungana naye katika njia moja. Pili, fyuzi ikikatika msiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi imewekwa ikatike kabla ya nyumba kuungua, pale nyaya mbili zinapogusana na kupiga shoti. Tatu, nyaya zilizochubuka zibadilishwe, kwani plastiki ile ndiyo ukuta pekee baina ya mtoto na shaba. Nne, watoto wafanye majaribio kwa mawe ya tochi tu, si kwa soketi ya ukutani.

Na mtoto atakapouliza tena kwa nini nyaya ni mbili, tusimfukuze. Mpeni jiwe la tochi, balbu ndogo na vipande viwili vya waya, mwacheni aitafute njia mwenyewe. Itawaka pale atakapoufunga mzunguko, na jibu lake hatalisahau.